Kutoka Gumegume Hadi Fataki: Historia ya Kubadilishwa kwa Bunduki za Kale na Hukumu Zake Katika Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Masahaba zake na wote wenye kufuata uwongofu wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Katika majumba ya baadhi ya Waislamu, hasa familia kongwe, hukutwa bunduki za kale zilizoachwa na mababu. Nyingine zimewekwa wakfu, nyingine zimo katika tirka ambayo haijagawanywa, na nyingine hutafutwa na wanunuzi wa vitu vya kale kwa bei kubwa. Ukizitazama kwa makini, utaona kwamba baadhi yake ziliumbwa kuwashwa kwa jiwe la gumegume, kisha zikageuzwa ziwashwe kwa fataki. Nyingine zimegeuzwa mara ya pili, zikarudishwa kwenye gumegume ili zionekane za zamani zaidi. Wanafunzi wametuuliza juu ya hukumu ya mageuzi hayo: je, bunduki ya wakfu inafaa kubadilishwa? Anayeuza iliyobadilishwa anapaswa kusema nini? Na je, mnyama aliyeuawa kwayo analiwa?

Masuala haya hayajibiki mpaka kitu chenyewe kifahamike kwanza. Maulamaa wa usuli wamekubaliana kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo tutaanza na maana ya majina, kisha tueleze jinsi chombo kilivyofanya kazi na kilivyogeuzwa, kisha tuingie katika fiqhi.

MAJINA NA MTEGO WAKE

Neno bunduki tumelipata kutoka Kiarabu. Asili ya neno bunduq ni tunda dogo la mviringo lenye gamba gumu, lililoletwa kutoka nchi za Bahari Nyeusi, na jina lake lilitokana na Kigiriki. Kisha Waarabu wakaliita jina hilo tonge la udongo lililokaushwa, ambalo wawindaji walilirusha kwa upinde maalumu ili kuwaangusha ndege. Karne nyingi baadaye, ilipokuja silaha ya moto yenye kurusha tonge la risasi, jina lile likahamia kwayo.

Mwanafunzi asipozingatia jambo hili huanguka katika mtego. Anaposoma kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alimhesabu mnyama aliyeuawa kwa bunduqa kuwa ni mawqudha, yaani aliyeuawa kwa kupigwa, hudhani kuwa Sahaba yule alizungumzia silaha ya moto. Sivyo. Alizungumzia tonge la udongo. Baruti haikuwepo wakati ule. Hata neno barud katika vitabu vya kale lilikuwa jina la chumvi ya shura, ambayo ni moja ya viungo vya baruti. Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki mwaka 1295, ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo kueleza namna ya kuisafisha chumvi hiyo katika kitabu chake juu ya upanda farasi na zana za vita.

Kiswahili chetu nacho kimehifadhi historia ya silaha hii katika majina yake. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume ni ile ya jiwe. Na fataki, kabla ya kuwa jina la moto wa sherehe, ilikuwa kofia ndogo ya shaba yenye dawa ya kulipuka. Gobore ni jina linaloenea Tanzania kwa bunduki yoyote inayoshindiliwa kwa mdomoni. Majina haya matatu, mrao, gumegume na fataki, ndiyo mpangilio wa historia yenyewe.

GUMEGUME ILIVYOFANYA KAZI

Bunduki ya mrao ilikuwa na dosari iliyo wazi. Mpiganaji alipaswa kubeba utambi unaowaka muda wote. Mvua iliuzima, na usiku nuru na harufu yake ilimfichua. Na mtu mwenye kubeba moto karibu na baruti hajiamini.

Mtambo wa gumegume ulikamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na wanahistoria huunasibisha na fundi Marin le Bourgeoys. Uhispania, Afrika Kaskazini na dola ya Uthmaniya zilikuwa na mtambo wa jamaa yake, wenye springi kubwa inayoonekana nje ya ubao wa mtambo. Asili ya kazi yake ni moja. Kuna mkono wa chuma wenye taya mbili zinazobana kipande cha jiwe. Waingereza wakauita mkono huo jogoo, na Wafaransa wakauita mbwa. Mbele yake kuna bamba la chuma lililosimama, na chini ya bamba kuna kisahani chenye baruti kidogo iliyo laini. Ubavuni mwa mtutu, mkabala na kisahani, kuna tundu jembamba.

Mpigaji akivuta kifyatuzi, jiwe huruka na kulikwaruza bamba. Bamba hufunguka, cheche humwagikia kisahani, baruti ya kisahani huwaka, na moto hupita tunduni hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Katika mlolongo huu kuna mahali pengi pa kuharibika. Jiwe huisha makali. Baruti ya kisahani hulowa au hupeperushwa na upepo. Tundu huziba kwa masizi. Na pengine kisahani huwaka peke yake bila ya moto kuingia ndani. Tena kati ya kuvuta kifyatuzi na kutoka risasi hupita muda mfupi, na mwale wa kisahani huonekana kabla ya risasi kuondoka.

PADRI MWINDAJI NA DAWA YA KULIPUKA

Aliyefungua mlango wa mfumo mpya hakuwa askari. Alikuwa padri wa Kikristo wa Scotland, Alexander John Forsyth, aliyezaliwa mwaka 1768 na kuhudumu katika kijiji cha Belhelvie. Alipenda kuwinda ndege wa majini, na alikereka kwamba ndege walipouona mwale wa kisahani walizama au waliruka kabla risasi haijawafikia.

Wakati huo wanakemia walikwisha kuzijua dawa zinazolipuka kwa kugongwa tu, bila ya moto. Berthollet wa Ufaransa aliichunguza chumvi ya klorati katika miaka ya 1780, na mwaka 1800 Edward Howard wa Uingereza alieleza dawa ya zebaki yenye kulipuka. Wengi walijaribu kuzitumia badala ya baruti ndani ya mtutu, na zikapasua mitutu, kwa kuwa nguvu yake ni ya ghafla mno. Fikra ya Forsyth ilikuwa ndogo na sahihi: baruti ibaki kuwa baruti, na dawa ya kulipuka itumike kuiwashia tu. Mwaka 1806 alifanya kazi katika ngome ya London, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake, uliokuwa na kichupa kidogo kilichotoa punje chache za dawa kila kilipozungushwa.

Kichupa hicho kilikuwa kigumu kukitengeneza, na hatari yake haikuwa ndogo. Baada yake mafundi walijaribu vidonge, vijiti na mirija, hata ikapatikana kofia ndogo ya shaba yenye tone la dawa ndani yake. Hii ndiyo fataki. Mafundi kadhaa walidai kuwa wa kwanza kuibuni. Miongoni mwao ni Joshua Shaw, msanii mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani na kupata hataza huko mwaka 1822. Fataki huvishwa juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu katikati, na nyundo huigonga. Moto hushuka moja kwa moja ndani ya mtutu. Hakuna kisahani, hakuna cheche, na mvua haina pa kuingilia.

JINSI ZILIVYOGEUZWA

Majeshi na watu binafsi walikuwa na mamilioni ya bunduki za gumegume zilizo nzima. Kuzitupa kungekuwa israfu, na kununua mpya kulikuwa gharama. Mtutu, mbao na sehemu kubwa ya mtambo havikuwa na kasoro. Kilichohitaji kubadilika ni mahali pa kuwashia moto tu. Mafundi wakafuata njia tatu kuu.

Ya kwanza ni njia ya kingoma. Tundu la zamani la ubavuni lilipanuliwa na kukatwa hesi, kisha kikaingizwa kipande cha chuma cha mviringo mithili ya ngoma ndogo, na juu yake kikafungwa kichuchu cha fataki. Kisahani kilikatwa, bamba na springi yake vikaondolewa, matundu ya skrubu yakazibwa, na jogoo akabadilishwa kwa nyundo. Njia hii ilikuwa rahisi, na mafundi wa vijijini waliipenda. Udhaifu wake ni kwamba nguvu yote ya mlipuko hubebwa na hesi chache. Zikiliwa na kutu, kingoma huweza kuchomoka na kumdhuru aliye ubavuni.

Ya pili ni ya kuweka kichuchu juu ya mtutu wenyewe. Tundu la ubavuni lilizibwa kabisa, likatobolewa jingine juu ya shina la mtutu, na kichuchu kikafungwa hapo. Nyundo ilipindwa kuelekea ndani ili ikifikie. Njia hii ilitumika sana Ubelgiji, na pia katika karakana za serikali ya Marekani katika miaka ya 1840 na 1850.

Ya tatu ni ya kubadilisha shina zima. Sehemu ya nyuma ya mtutu ilikatwa, na ikafungwa shina jipya lililofuliwa pamoja na mahali pa kichuchu. Hii ndiyo madhubuti kuliko zote, na ndiyo ghali zaidi.

Mwenye kutazama atayatambua mageuzi kwa athari zake: matundu yaliyozibwa kwenye ubao wa mtambo, alama ya kisahani kilichokatwa, nyundo isiyolingana na umri wa mtambo, au duara hafifu ubavuni mwa mtutu pale tundu lilipozibwa. Alama hizi tutazihitaji tutakapofika kwenye hukumu za biashara.

Je, mageuzi yalikuwa na faida ya kweli? Mwaka 1834 Waingereza walifanya majaribio huko Woolwich. Kila mfumo ulipigwa mara 6,000. Gumegume ilikataa kuwaka mara 922, sawa na mara moja katika kila sita au saba. Fataki ilikataa mara 36, sawa na mara moja katika kila 166. Mwaka 1841, katika vita vya Waingereza nchini China karibu na mji wa Canton, kikosi cha askari wa Kihindi kutoka Madras chenye gumegume kilizingirwa katikati ya mvua kubwa, na bunduki zake zikanyamaza. Kilichokiokoa ni askari wa majini waliotumwa wakiwa na bunduki za fataki. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki yake mpya ya fataki, ya muundo wa 1842. Forsyth alifariki mwaka 1843.

PWANI YETU

Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, iliwekwa sharti kwamba bunduki na baruti kisiwani Zanzibar ziuzwe kwa serikali peke yake, ilhali katika bandari nyingine za Sultani biashara hiyo iliachwa huru. Sharti hilo latuonyesha kwamba bunduki zilikuwa tayari bidhaa ya kawaida katika pwani hii.

Ulaya ilipohamia kwenye fataki, kisha kwenye bunduki zinazojazwa kwa nyuma, silaha zake za zamani ziliuzwa Afrika. Kisha ukaja mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya yalizuia kuingizwa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, na hasa zile zenye mtutu wa mifereji na zile za kisasa, isipokuwa kwa sharti maalumu. Zilizoachwa kuuzwa kwa watu kwa jumla, penye ruhusa, zilikuwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo chombo ambacho kilikwisha kuwa cha kale huko Ulaya kwa nusu karne, kilifanywa na sheria kuwa ndicho cha Mwafrika. Mwenye kushangaa kwa nini gumegume ilidumu sana huku kwetu, sababu mojawapo ni hiyo. Haikuwa uzito wa akili za wazee wetu, kama baadhi ya waandishi wa kikoloni walivyopenda kudai.

MASUALA YA FIQHI

Suala la kwanza: mawindo

Hadithi ya Adiyy bin Hatim (r.a.) ndiyo msingi. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kuwinda kwa mi'radh, ambao ni mti au mshale usio na manyoya. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa kilichotobolewa kwa ncha yake kiliwe, na kilichopigwa kwa ubavu wake kikafa kisiliwe, kwa kuwa hicho ni waqidh. Na hukumu ya mawqudha imo katika aya ya tatu ya Suratul Maida.

Ilipokuja silaha ya moto, maulamaa walikhitalifiana. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H/1567) na wenzake katika madhehebu yetu ya Shafii hawakuhalalisha mnyama aliyekufa kwa risasi. Ibn Abidin katika Hanafi (1252 H/1836) alisema risasi haina makali, bali huua kwa uzito, msukumo na kuunguza. Upande wa Maliki, al-Dasuqi (1230 H/1815) alieleza kuwa waliotangulia hawakuwa na tamko juu ya jambo hilo, kwa kuwa lilizuka baada ya baruti, na kwamba kauli iliyochaguliwa na jopo la maulamaa wa Maghrib ni kujuzu. Al-Shawkani wa Yemen (1250 H/1834) naye alihalalisha, kwa hoja kwamba risasi hutoboa na kupenya, na kupenya ndiko kulikozingatiwa katika hadithi.

Sasa je, kubadilisha mtambo kutoka gumegume kwenda fataki kunaibadilisha hukumu? Hapana. Illa ambayo maulamaa hawa wameibishania ni kile kinachomgusa mnyama na namna kinavyomuua: kwa kutoboa au kwa kugonga. Kinachoiwasha baruti, kiwe mrao, jiwe au fataki, kimo nje ya illa. Tazama kwamba al-Shawkani na Ibn Abidin walifariki katika miaka ileile ambayo fataki ilikuwa ikienea, lakini hoja zao zinaihusu mifumo yote kwa usawa. Huu ni mfano mzuri kwa mwanafunzi wa usuli: si kila badiliko la chombo ni badiliko la hukumu.

Ama hitilafu haipo katika mnyama aliyekutwa na uhai uliothibiti akachinjwa kisheria. Huyo ni halali kwa wote. Na lililo salama kwa mwindaji wa pwani yetu ni kukimbilia kisu.

Suala la pili: bunduki ya wakfu

Kuweka silaha wakfu kuna asili katika Sunnah. Katika Bukhari na Muslim imethibiti kuwa Khalid bin al-Walid (r.a.) alizifunga deraya na zana zake katika njia ya Allah. Je, msimamizi wa wakfu anaweza kuigeuza bunduki ya gumegume iwe ya fataki?

Kanuni katika madhehebu ya Shafii ni kwamba wakfu haubadilishwi umbo lake. Nyumba haifanywi shamba, wala shamba halifanywi nyumba, ila aliyeweka wakfu awe amempa msimamizi uhuru wa kutazama maslahi. Lakini Imam Taqiyyuddin al-Subki (756 H/1355) alijuzisha badiliko dogo kwa masharti matatu: lisiondoe jina la kitu, liwe na maslahi kwa wakfu, na lisiondoe chochote katika dhati yake bali lihamishe tu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tuyapime mageuzi yetu kwa masharti hayo. Jina la bunduki limebaki, kwa hiyo sharti la kwanza limetimia. Maslahi yalikuwepo zama zile, kwa ushahidi wa yale majaribio tuliyoyataja. Lakini sharti la tatu halitimii, kwa sababu kisahani hukatwa, bamba na springi huondolewa, na jogoo hutolewa. Hivyo kwa mizani ya al-Subki, mageuzi kamili yana tatizo, na hasa njia ya tatu inayokata shina la mtutu. Kwa Hanbali mlango ni mpana zaidi. Wao wamesema farasi aliyefungwa kwa jihadi asipofaa tena, huuzwa na thamani yake huwekwa kwa mwingine, kama alivyoeleza Ibn Qudama (620 H/1223). Na anayeona hivyo katika kuuza, kutengeneza kwa mageuzi ni jambo jepesi zaidi kwake.

Hayo ni ya zamani. Leo bunduki hizi hazina kazi ya vita. Manufaa yake ni kumbukumbu, mafunzo na thamani. Kwa hiyo maslahi ya kuigeuza yameondoka, na kinachobaki ni kuihifadhi ilivyo. Ile iliyokwisha kugeuzwa na wazee ibaki katika fataki yake, kwa kuwa mageuzi hayo yamekuwa sehemu ya historia yake. Na ile ya gumegume ibaki na jiwe lake. Sehemu zilizoondolewa, zikipatikana, ni mali ya wakfu pia. Hazitupwi wala hazipewi fundi kama ujira bila ya haki.

Suala la tatu: dhamana ya fundi

Mwenye bunduki aliyempa fundi kazi ya kuigeuza amefunga naye mkataba wa ijara. Ikiwa mtutu utapasuka mikononi mwa fundi, nani alipe? Imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba aliwadhaminisha mafundi kwa ajili ya maslahi ya watu, na Maliki wamelifuata hilo. Kauli yenye nguvu katika Shafii ni kuwa fundi halipi isipokuwa kwa kuvuka mpaka au kuzembea. Hata hivyo al-Rabi' amesimulia kwamba Imam Shafii (204 H/820) aliiona kauli hiyo lakini hakupenda kuitangaza, kwa kuhofia mafundi wabaya. Hekima hii ndugu imamu aizingatie anapohukumu baina ya watu. Fundi aliyekata hesi fupi katika kingoma, au aliyeacha tundu la zamani bila kuliziba vyema, amezembea, naye ni mdhamini kwa kauli zote.

Suala la nne: kuuza na kuficha

Hili ndilo zito zaidi katika zama zetu. Wakusanyaji wa vitu vya kale huipenda bunduki iliyobaki katika gumegume yake ya asili, na huilipia zaidi kuliko iliyogeuzwa. Kwa hiyo baadhi ya wafanyabiashara huichukua iliyogeuzwa kwenye fataki, wakaitoa kingoma, wakaziba, wakaunga kisahani kipya na jogoo mpya, kisha wakavitia dawa ya kuvizeesha ili rangi ilingane. Baada ya hapo huiuza kama kitu ambacho hakijaguswa.

Kurejesha umbo la zamani si haramu kwa dhati yake, madhali mali ni yako na unasema ulilolifanya. Uharamu umo katika kuficha. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkaripia mwenye lundo kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Na alikataza kuyafunga maziwa ya ngamia na kondoo ili mnunuzi adhani ni wa maziwa mengi, akampa mnunuzi hiari ya kurudisha.

Imam Nawawi (676 H/1277) katika Minhaj amekiasi juu ya hilo kuzuia maji ya kinu ili yafunguliwe kwa wingi wakati wa kuuza, na kuzitia weusi nywele za mtumwa. Kisha akatofautisha: kulipaka nguo yake wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi hakuleti hiari katika kauli sahihi, kwa kuwa mnunuzi ana uwezo wa kuuliza na kujaribu, na dalili yenyewe ni dhaifu. Kuzeesha chuma kwa dawa kunafanana na lipi katika haya mawili? Kwa maoni yetu kunafanana na kutia weusi nywele, kwa sababu ni kuigeuza dhati ya kitu kwa namna ambayo asiye mjuzi haitambui. Hivyo mnunuzi ana hiari.

Lakini ajue kwamba hiari ya aibu katika Shafii ni ya papo hapo. Akigundua kisha akanyamaza bila ya udhuru, haki yake imeanguka. Na kama amekwisha kuitia kasoro mpya mikononi mwake, kwa mfano kuing'oa kisahani, hairudishi kwa nguvu, bali hurejea kwenye fidia ya upungufu kwa utaratibu uliowekwa. Wala haimwokoi muuzaji kusema nauza kama ilivyo ilhali anaijua aibu na anaificha. Dhambi ya kughushi iko pale pale.

Suala la tano: tirka na mayatima

Bunduki iliyoachwa na marehemu ni mali ya warithi wote. Hutokea mkubwa wa nyumba akaichukua kwa kusema ni chuma kikuukuu, kisha akaiuza kwa bei kubwa. Au huikadiria kwa thamani ya gumegume ya asili, akampa mdogo wake kama fungu lake, ilhali imegeuzwa na haifikii nusu ya thamani hiyo. Yote mawili ni dhulma. Ikadiriwe na mwenye ujuzi asiye na maslahi, hali yake ya kweli itajwe, ndipo igawanywe. Na wakiwemo mayatima, basi onyo lililomo katika aya ya kumi ya Suratun Nisaa juu ya wenye kula mali zao kwa dhulma latosha kumtetemesha mwenye imani.

TANBIHI

Kwanza, gobore ni silaha hata likiwa na kutu. Kulimiliki, kulirithi na kuliuza kuna sheria katika nchi zetu, na kuzifuata ni katika kuhifadhi nafsi na amani ya jamii. Aliyerithi aiarifu mamlaka husika kabla ya lolote.

Pili, bunduki nyingi za kale zilihifadhiwa zikiwa zimeshindiliwa, na baruti haifi kwa umri peke yake. Watoto wasizichezee, na mtu asijaribu kuifungua au kuiwasha. Mtume (s.a.w.) amekataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha, na asili ya sheria ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Tatu, bunduki iliyopambwa kwa fedha haina tatizo kwa asili yake, kwa kuwa maulamaa wa Shafii wamejuzisha kupamba zana za vita kwa fedha kwa wanaume, tofauti na dhahabu. Lakini auzaye kwa pesa atazame vyema kinachouzwa, fedha ikitajwa kwa uzito wake, ili asiingie katika milango ya riba kwa kubadilishana fedha kwa fedha.

Haya ndiyo tuliyoyaona katika suala hili. Msimamizi wa wakfu aihifadhi amana kama alivyoikuta, mrithi aseme ukweli wa alichonacho, na muuzaji afichue alama za kingoma na matundu yaliyozibwa kabla mnunuzi hajauliza. Baraka ya biashara imefungamana na ukweli na kubainisha, na huondoka kwa uongo na kuficha.

Wallahu a'lam. Wa sallallahu ala nabiyyina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi ajma'in.